Vipimo vya Yusra

Bi Mwanapili aliimimina chupa nzima ya dawa kwenye sinki, akaisuuza mara mbili, akaijaza maji ya mdalasini aliyoyachemsha mpaka yakafanana rangi na ile dawa. Akaitia kwenye mfuko, akashuka ngazi za Michenzani kuipeleka Kiembe Samaki, nyumbani kwa mwanawe, kama afanyavyo kila Ijumaa.

Hakutaka mtu ajue. Dawa ile ya mizizi aliiagiza mwenyewe kisiwani Tumbatu kwa ajili ya Yusra, mke wa mwanawe. Miaka minne ya ndoa, mtoto hajapatikana. Yusra alikuwa akiinywa bila ya kukunja uso, kwa kumstahi tu.

Halafu ikaja siku ya vipimo. Walikwenda kutafuta sababu ya kukosa mtoto, wakarudi na jambo jingine kabisa: damu ilionyesha ini lina hitilafu, kiwango cha kimeng'enya chake kimepanda mara tatu ya kawaida.

"Lakini mie siumwi na kitu," alisema Yusra.

Daktari Salhiya alitafuta homa ya ini, hakuiona. Akalipiga ini ultrasaundi, likatoka safi. Akauliza kuhusu dawa za miti shamba, Yusra akajibu hatumii. Bi Mwanapili, aliyekaa ubavuni pake, aliinamisha kichwa. Mtoto wa watu anamfichia aibu, na yeye ndiye anayemuua.

Ndiyo sababu ya mdalasini.

Na ulisaidia. Haroub, mwanawe, ni fundi wa umeme, na wakati huo alikuwa Pemba kwa kazi ya wiki tatu. Kwa hiyo Bi Mwanapili ndiye aliyempeleka Yusra kupimwa mara ya pili. Kiwango kilikuwa kimeshuka, kinakaribia kawaida. Walirudi wanacheka njia nzima, na mchana Yusra akala sahani mbili za biriani, jambo ambalo mkwewe hakuwahi kuliona.

Haroub akarudi na zawadi: kanga za mama, manukato ya mkewe. Mpole mno huyo. Majirani wa Kiembe Samaki hawajapata kumsikia akipaza sauti, ingawa kwao, jirani na uwanja wa ndege, ndege zikipita husikii hata mtu anayekuita mlangoni.

Wiki mbili baadaye, kipimo cha tatu kilipanda kuliko cha kwanza.

Bi Mwanapili alijisemea moyoni. Basi sumu imeshaingia, haitoki tena. Pale pale chumbani kwa daktari alimtuma Haroub akanunue maji, maana hakuwa na uso wa kuyasema mbele ya mwanawe. Mlango ulipofungwa, akayatoa yote: mizizi, chupa, mdalasini.

"Ni mie, daktari. Akifa huyu, nimemuua mie."

Yusra alimshika bega. "Usiseme hivyo, Mama. Nakuomba."

Daktari Salhiya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Si dawa yako, Bi Mwanapili. Safari hii nimepima na kitu kingine. Hiki tulichokiona kwenye damu hakitoki kwenye ini peke yake. Hutoka kwenye misuli pia. Ini la Yusra ni zima. Misuli yake ndiyo iliyoumia, na imeumia sana." Akamgeukia Yusra. "Unanyanyua vitu vizito?"

"Hata ndoo hanyanyui," Bi Mwanapili alimjibia. "Mumewe hamwachii."

"Umeanguka, Yusra?"

Yusra alivuta mkono wa nguo yake ukamfunika kiganja. Daktari naye hakuuliza tena, akaweka kalamu mezani, akangoja.

Mlango ukagongwa taratibu.

"Mama, maji haya hapa," alisema Haroub kutoka nje.

Yusra aliruka kitini, akajibanza nyuma ya mkwewe, ameuziba mdomo kwa mikono miwili. Bi Mwanapili alimtazama, kisha akaenda mlangoni, akaufunga kwa ufunguo.