Mteremko wa Kwenda kwa Mize

Kileleni, Machano alizima injini ya kipikipiki chake ateremke bure. Mafuta yalikuwa yamebaki kidogo, na mji alikozikwa mkewe Mize ulikuwa bado mbali, chini ya ukungu.

"Baba, usizime!" alimpigia kelele mama mmoja mchoma viazi. "Tia gia ya kwanza, injini ikushike."

"Kwetu twazima, mama."

"Kwenu tambarare. Huku wanaozima tunawazika."

Machano akaondoka vilevile. Wakubwa wa kwao walinunua mapazia ya ofisi, hospitali ikakosa mashine, Mize akavushwa mpaka wa nchi kutibiwa, akafia ugenini. Sasa wakubwa wa huku nao wameamua makaburi alikolazwa yasawazishwe leo adhuhuri, barabara ipite. Wakubwa ni walewale, bendera tu ndizo tofauti.

Kwenye kona ya tatu breki zikanuka kuungua. Akakanyaga tena, mguu ukazama kama kwenye uji. Kushoto kwake hapakuwa na kitu ila hewa.

"Mize, nakuja, lakini si kwa njia hii!"

Akafungua swichi, akabana klachi, akatia gia ya kwanza, akaachia. Pikipiki ikalia, ikayumba, ikashikwa. Sasa ilitambaa, na mwendo mwingine hakuwa nao.

Ukungu ukafunguka. Chini kule, ukingoni mwa makaburi, palikuwa na tingatinga la njano na watu watatu mbele yake, mikono juu. Kutoka alipokuwa, Machano hakuweza kujua kama walikuwa wanalizuia au wanalielekeza.