Salamu za Ambakisye

Kila marehemu huachiwa sauti yake kwenye kisanduku, pamoja na akiba ya maneno, yakiisha, basi. Ndiyo sheria, haina mkubwa wala mdogo.

Radi Kavu, bendi ya roki ya Mbeya, ilibakiza wimbo mmoja tu kukamilisha albamu ya pili. Sauti ya mwimbaji wao, marehemu Ambakisye, ilikaa jikoni kwa mama yake.

"Mama, mnamaliza maneno kwa salamu!" alilalamika Lusajo, mpiga ngoma. "Umeamkaje, habari za usiku, baridi je... kila asubuhi!"

"Sasa nimpite mwanangu kimya, kama mwizi?"

Lakini Ambakisye mwenyewe alikuwa ameutaka sana wimbo ule. Mama akakubali kukipeleka kisanduku studio, akaapa kufunga mdomo, maana mwanawe hakuwahi kuacha salamu bila jibu.

Magitaa yakalia. Ambakisye aliimba kidogo, halafu akakatisha.

"Nimesikia kikohozi cha mama. Mbona hanisalimii? Amenikasirikia?"

Mama aliuma upindo wa kitenge. Ambakisye alingoja, kisha akaendelea kuimba mpaka kibwagizo cha mwisho. Kabla ya neno la kufungia, akiba ikaisha, kisanduku kikanyamaza.

Albamu ilipotoka, vijana walisifu kukatika kule: ufundi ulioje! Kwenye kumbi za muziki walilijaza neno lililokosekana kwa sauti moja.

Mama Ambakisye huupiga wimbo huo kila asubuhi akikoka moto. Ukikatika, hujibu, "Sikukasirika, baba. Umeamkaje?"