Santuri ya Yule Mwingereza

Santuri ilikuwa ndani ya mfuko wa takataka, mfuko umefungwa mafundo mawili. Fundi friji aliichomoa, akaifuta kwa mkono wa shati. Kwenye jalada alikuwapo mwimbaji wa Kiingereza wa miaka ya sitini, nywele zimetutumuka kama kichuguu, macho yamejaa wanja.

"Hii ya mama unaitupa?"

"Imechakaa," mkewe alisema, hakugeuka kutoka kwenye sinki. "Na yeye muziki wa nini sasa?"

Mama hakuwa ametamka neno tangu alipoanguka kwenye ngazi, miezi mitano na nusu iliyopita. Daktari alisema wazi: sita ikipita kimya, msihangaike tena. Majirani walimsifu mkwe. Anamwogesha, anamlisha, habanduki hata wageni wakija.

Fundi alitoa gramafoni stoo, akabadilisha mkanda wa kuzungushia santuri, akapuliza vumbi kwenye sindano.

"Utamshtua bure."

"Akishtuka nitashukuru."

Sauti ilitoka nzito, yenye kwikwi, ya mtu aliyeachwa na bado anapenda. Vidole vya mama vikaanza kugonga mkono wa kiti. Kisha mdomo ukafunguka.

Aliimba.

Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Miaka yote kwenye cherehani alikuwa akiitilia santuri hii maneno yake mwenyewe, chochote kilichompitia kichwani. "Chai haina sukari," aliimba sasa, "chai ya nyumba hii haina sukari."

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, niite jina langu."

Mama alijaribu. Midomo ilitetemeka, koo likagoma. Kusema kulikataa, kuimba tu ndiko kulikuja.

"Basi imba, mama. Imba chochote unachotaka."

Mkewe alikuwa ameshashika waya wa umeme. "Inatosha kwa leo. Amechoka."

"Hebu uache huo waya."

Kiitikio kilirudi. Mama alimkamata mwanawe ukosi, akamvuta hadi pua zikakaribia kugusana, akaimba kwa sauti tamu, bila kukosa hata pigo moja:

"Sikuanguka, mwanangu, mkeo alinisukuma. Kesho usiende kazini, kesho usiende kazini."