Mtambo wa Baba Tekla

Sheria iliagiza kwamba kila mtambo wa kusafisha gesi uwe na mlezi mmoja, nao usipokee dawa ya kuzuia kutu ila kwa sauti yake. Hivyo Kasiani aliusalimu mtambo wake kila asubuhi kwa spika ya mezani, kabla hajamsalimu mkewe, Skolastika.

"Umeamkaje, mpenzi? Mabomba hayakuumi?"

Skolastika alitua kikombe kwa kishindo. "Magoti yananiuma mwaka wa tatu, Baba Tekla, wala hujaniuliza."

"Huyu asipokunywa dawa, tindikali itamtoboa mabomba, na mtaa mzima utateketea."

"Basi mnyweshe. Lakini mpenzi ni mimi."

Mtambo ukasema kwa upole kutoka kwenye spika, "Sinywi, mlezi wangu, mpaka huyo atoke."

Kasiani hakumtazama mkewe usoni. "Toka mara moja tu, Mama Tekla."

Skolastika alitoka hadi barazani, akitumaini kwamba mumewe angemfuata kumwomba radhi. Kutoka ndani alisikia mtambo ukishukuru kwa dawa. Kisha ukasema, "Sasa funga mlango," na Skolastika akasikia komeo likisukumwa taratibu.