Maswali ya Achille

"Papa Pontien, maharagwe ya jana yalifika wapi?"

Achille alimsogezea mgonjwa wake kikombe kilichojaa mchanga wa ziwa, aonyeshe kiasi alichokula. Mzee akamwaga, akamwaga, akabakiza kidogo. Achille akapima kilichobaki, akaandika: fosforasi, miligramu mia moja na arobaini.

Hiyo ndiyo kazi yake katika zahanati moja ya Kalemie: kukadiria fosforasi wanayokula wagonjwa wa figo. Figo zikichoka haziwezi tena kuitoa mwilini, nayo hudhoofisha mifupa na kuwasha ngozi. Achille aliamini hakuna mtu mkoani aliyemzidi kwa hesabu hiyo. Wala hakujua kama kulikuwa na mwingine aliyeifanya.

Mgonjwa mmoja alimchukua saa nzima, mara mbili kwa wiki. Foleni yake ilianza asubuhi ikaisha saa tisa. Mwenzake, Lydie, alimwona mgonjwa mara moja kwa mwezi. Aliuliza tu, "Umekula nini?", akatoa shauri, na kufikia saa nne watu wake walikuwa wamesharudi makwao.

Lakini fosforasi katika damu ya wagonjwa wa Lydie ilikuwa inashuka. Ya wagonjwa wa Achille ilipanda. Papa Pontien alikuwa amejikuna mikono mpaka ikachubuka.

Achille akabadilisha kikombe. Akanunua mizani mpya. Akaongeza maswali ishirini, na foleni ikafika saa kumi na moja. Fosforasi ikapanda tena.

Siku hiyo aliweka kalamu chini. "Papa, munisamehe. Kila mara naandika chakula chenu cha jana, na ni kizuri. Mimi njo sijui kazi."

Mzee alimhurumia. "Hapana, Dokta. Kwangu ndakala, zile dagaa ulizotukataza, haziingii, hata moja."

"Na mahali pengine?"

"Hapa tu, kwenye mulango, wakati tunakungojea. Njaa inauma, basi tunakula ndakala za kukaanga, sahani mbili mbili, na mifupa yake yote. Lakini hizo hazina ubaya."

Achille akaichukua tena kalamu. "Nani aliwadanganya hivyo?"

"Hakuna muntu aliyetudanganya," alisema Papa Pontien kwa upole. "Tuliona tu kwamba mama anayezikaanga njo muke wako."