Wajina wa Nyanya

Jumanne, saa tatu asubuhi, manyunyu yakianguka Wundanyi, Mghoi alitia sahihi fomu ya kujiunga na chuo. Chuo kikuu cha jiji kina wanafunzi laki nane; anayekichagua huacha jina lake na kupewa nambari, ambayo hutumika hata nyumbani.

"Kipo chuo kidogo hapa mlimani," nyanya yake alisema. "Huko utabaki Mghoi, wajina wangu."

"Chuo kile, nyanya? Lile ni banda la kuku."

"Haya, mwenye jumba. Sasa unaitwa nani?"

"Laki sita na tatu."

"Hata gunia la mahindi huandikwa jina. Langu nitampa mbuzi."

Baba alipakia sanduku garini. Nyanya alishuka zizini akaita, "Mghoi!" mara tatu. Mbuzi alikuja. Msichana hakugeuka.