Bangili ya Mama

Katika majengo yetu, mtu asiyetembea hahesabiwi, na asiyehesabiwa hukatiwa maji. Kila mkazi huvaa bangili inayotuma habari zake, bila waya, hadi kwenye mnara ulio ng'ambo ya mji.

Kiharusi kilipomlaza Mama, akawa anasali kwa kope. Mungu alizipokea sala zake. Mnara haukupokea kitu. Nikamvua bangili nikaivaa pamoja na yangu, nikawa nazunguka vyumbani kila siku, natembea kwa niaba ya wawili. Maji yakarudi.

Miezi ikapita. Leo alasiri nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikasikia miguu ikiburuzwa nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Siwema, mwanangu, nimesimama! Leo natawadha mwenyewe."

Kabla sijamkumbatia, sauti ikatoka ukutani: "Kuna mtu asiyesajiliwa humu ndani. Walinzi wanakuja kumwondoa. Wakazi wawili, tulieni."

Nikaivua bangili haraka nikamvika. Ukuta ukarudia maneno yale yale. Ulikuwa umeshahesabu hatua za mtu wa tatu.

"Rudi kitandani, Mama. Lala, nakuomba. Usitikisike kabisa."

"Nilale tena? Na Mungu kaniinua?"

Nje, lifti ikasimama kwenye ghorofa yetu. Viatu vikaja moja kwa moja hadi mlangoni kwetu, walinzi wakagonga. Hawakupiga hodi.

Mama akajifunga vizuri mtandio wake, kwa furaha ya kupata wageni, akaitikia:

"Karibuni."